Mashua Iliyoota Pamba

Kama kuna mmoja wenu anayefunga mzigo ili aende ng'ambo, aufungue kwanza akae hapa, nimweleze namna miye nilivyoingia Ujiji nikiwa nimevaa gunia la unga. Wenzangu wa umri wangu hawapendi niseme habari hii. Wanasema inaharibu sifa ya watu wa mji wetu wa Baraka. Sifa gani? Wenye makosa nitawataja kwa majina, na wa kwanza ni Asukulu, ni kusema miye mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuziba mashua. Niliiacha kwa sababu ya bega. Mwili wote ungali wa mtu wa makamo, bega peke yake ndilo limezeeka. Ninyi mmezaliwa mkikuta injini, mnafikiri mbao mbili zikipigwa misumari basi maji yanaogopa. Hayaogopi. Kati ya ubao na ubao kuna ufa, na ufa huo ndio ulionilisha. Unachukua pamba, unaisokota iwe kamba nyembamba, unaitumbukiza katika mafuta ya mawese yanayochemka, unaipigilia ndani ya ufa kwa patasi butu na nyundo ya muti, halafu juu unapaka chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Ukigonga kidogo, pamba inatoka. Ukigonga sana, ubao unapasuka. Sikio ndilo linalokwambia. Ufa ambao haujashiba unalia pu, pu, kama ngoma iliyolowa. Ukishiba unalia ko. Shuleni kwa mapadri nilikaa miaka miwili tu, wakanichoka, lakini hiyo ko naijua kuliko padri anavyoijua misa.

Aliyenifundisha ni Mzee Byaombe. Mtu mfupi, mwenye mikono mirefu kupita mwili wake, na hasira ndefu kupita mikono. Siku ya kwanza nilipiga patasi nikapasua ubao wa ubavuni. Hakunipiga. Alinipa ule ubao, akaniambia niubebe begani siku nzima, kila ninapokwenda, na mtu akiniuliza nimjibu ukweli. Mpaka jioni Baraka yote ilikuwa inajua.

Byaombe na mafundi wengine wa pwani yetu walikuwa na desturi moja. Mashua ikizibwa upya, fundi aliyeiziba anapanda katika safari yake ya kwanza. Hashiki kasia. Anakaa chini katikati, na kopo la kuchotea maji mkononi. Maji yakiingia, anachota yeye. Mashua ikizama, yeye ndiye aliye karibu na chini. Na yule mwanafunzi anayeziba mashua peke yake kwa mara ya kwanza, akapanda nayo mpaka ng'ambo, akarudi mkavu, anapewa nyundo na mwalimu wake.

"Urudi matako makavu," Byaombe aliniambia, "nyundo hii iko yako. Ukirudi yamelowa, tutaonana."

Sasa mjue nyundo hiyo ilikuwa nini kwangu. Ile ilikuwa miaka ya hamsini, Babelgiji wangalipo. Mwanaume asiye na kazi inayojulikana alikuwa anapimiwa shamba la pamba, atake asitake, na kapita, msimamizi wa mashamba, anasimama juu yake na fimbo. Mwenye nyundo alikuwa fundi, kapita anampita tu. Asiye na nyundo, hata kama anajua kuziba kuliko samaki, ni mushika-chungu tu wa mafuta, na jembe linamngoja. Nilikuwa nimekwisha kulima misimu mitatu. Nilikuwa nachukia pamba kama mbwa anavyochukia pilipili.

Na tena nilikuwa na hamu ya ng'ambo. Wenzangu walikuwa wanatamani Ujiji ili waone: treni ya Kigoma, maduka ya Wahindi, wasichana. Miye sikutaka kuona kitu. Nilitaka kufika mahali ambapo hakuna mtu aliyenijua tangu nikiwa na makamasi. Nishuke pale pwani, waseme, "Huyu ni nani?" na jibu niwe nalo miye mwenyewe. Kwa jibu hilo nilimshonesha fundi cherehani suruali nyeupe, yenye mkunjo wa mbele kama kisu. Niliikunja katika jani la mgomba, nikawa naifungua kila siku kuitazama. Mama alikuwa ananiona.

Basi Byaombe akaenda Kilembwe kwenye msiba wa shemeji yake, wiki mbili. Hapo ndipo Ramazani alipokuja. Ramazani ndiye mwenye mashua, na ndiye nahodha wake. Mtu wa kanzu, wa tasbihi, mwenye sauti laini, na wa pili katika wenye makosa. Alitaka kupeleka mawese Ujiji, na mashua yake ilikuwa inavuja.

"Byaombe hayuko," nikamwambia.

"Sikukuja kwa Byaombe. Nilikuja kwa fundi."

Neno hilo lilinipanda kichwani kama pombe ya mahindi. Nikakubali papo hapo.

Pamba ilikatazwa kukaa kwa mtu. Yote ilikuwa inapelekwa sokoni kwa kampuni. Sisi wazibaji tulikuwa tunaipata kwa kujificha, na kapita aliyelipwa alikuwa haoni vikapu. Aliyeniletea ni Alimasi, kapita wetu, wa tatu katika orodha yangu. Alileta gunia moja limejaa.

"Iko safi?" nikamuuliza.

"Safi kama hostia ya padri."

Nikaingiza mkono. Mbegu zilikuwa zimejaa humo kama chawa. Pamba ya kuziba inachambuliwa kwanza, mbegu moja moja, mpaka ibaki nyuzi tupu. Na kwetu kuchambua ni kazi ya bamama. Wanakaa mlangoni na kikapu magotini, wanachambua huku wakisema watu. Mama yangu aliliona lile gunia.

"Acha hapa," akasema. "Siku mbili nitakuwa nimemaliza. Ukikaa tufanye wote, siku moja."

"Mama, Ramazani ana haraka."

"Mimi nakuomba siku moja, siyo mwaka."

Nilimwambia nini? Nilimwambia fundi hakai mlangoni na kikapu. Andikeni hapo. Nilichukua fimbo nikalipiga gunia mpaka mbegu kubwa zikaanguka, zilizobaki nikazisokota pamoja na nyuzi. Nikajipa moyo kwamba mafuta yatazichoma. Lakini mafuta nayo sikuyaacha yachemke. Ukiona fundi anachovya pamba katika mafuta na kidole chake hakiungui, mfukuzeni. Huyo ni miye.

Tukaiteremsha mashua majini. Siku mbili za kwanza ilikuwa kavu kama mkeka wa msikiti. Sikujua kwamba mbegu zinapokunywa maji zinavimba, na zikivimba zinabana. Miye nilidhani ni ufundi. Nilikuwa naita watu, nawaambia wapande wapapase sakafu. Mwalimu wa katekisimu alipanda, akapapasa, akasema Nuhu mwenyewe angefurahi.

Hapo tungeondoka, pengine tungefika salama, na leo ningekuwa muongo mwenye heshima. Lakini ilitakiwa karatasi ya ruhusa kutoka biro ya teritwari, ofisi ya serikali kule Fizi juu. Ramazani akapanda mlima. Karani akamwambia kesho. Akapanda tena, karani akamwambia mzungu mwenye muhuri amekwenda Minembwe kuangalia ng'ombe. Siku nane mashua ilikaa majini, imepakiwa, jua juu na maji chini. Kila aliyewahi kulima anajua siku nane za jua na maji zinafanya nini.

Tuliondoka saba: Ramazani, wapiga kasia watano, na miye chini na kopo langu, suruali yangu pembeni katika jani. Siku ya kwanza tulizunguka ncha ya rasi ya Ubwari, tukapumzika upande wa pili. Kesho yake, jua lilipochomoza, tukaelekeza uso ng'ambo. Upepo mzuri, tanga limejaa. Milima yetu ikawa inapungua nyuma. Nakumbuka nilijiambia, Asukulu, sasa umekuwa mtu.

Saa sita mchana nilisikia ubaridi kwenye vidole vya miguu.

"Asukulu," akaita Ramazani kutoka nyuma, kwa ile sauti yake laini, "hii maji inatoka wapi?"

"Ni jasho ya mbao."

"Aa."

Nikachota. Baada ya muda kidogo:

"Na hii jasho, Asukulu, inafika mpaka kwenye vifundo?"

Mpiga kasia mmoja, mzee aliyeitwa Eca, aliacha kasia akainama kwenye ubavu wa mashua. Akaingiza ukucha ndani ya ufa. Akavuta kitu, akakiweka kwenye kiganja, akakileta mbele ya pua yangu. Ilikuwa mbegu ya pamba. Imepasuka, na kimkia cheupe kinachungulia. Alivuta nyingine. Hii ilikuwa na majani mawili, ya kijani kibichi, yamekunjana kama mikono ya mtoto.

"Ramazani," akasema Eca, "hatuko mu mashua. Tuko mu shamba."

Nilitazama. Ufa wote wa upande wa kushoto, kutoka mbele hadi nyuma, ulikuwa umeanza kuota. Mbegu zilikuwa zinasukuma kamba zangu kutoka, taratibu, bila hasira, na nyuma yao ziwa lilikuwa linaingia. Mbele milima ya ng'ambo ingali bluu. Nyuma, yetu nayo imekuwa bluu. Katikati sisi saba, na mmoja tu ndiye aliyewaleta wenzake hapo.

Hofu ya siku ile sitaifanyia utani. Nilichota mpaka mikono ikawa si yangu. Waislamu walikuwa wanaomba kwao, Wakatoliki kwao, na miye nilikuwa naomba pande zote mbili. Nilimwambia Ramazani tutupe mitungi ya mawese tupunguze uzito. Akanitazama kama mtu aliyeombwa atupe mama yake.

"Nguo," akasema. "Tuzibe na nguo. Wewe toa suruali."

"Suruali gani?"

"Ile unafungua kila siku."

Niliipasua kwa meno. Mguu wa kulia ulijaza ufa wa mbele, wa kushoto ukajaza wa katikati, na kiuno, pamoja na mkunjo wake, kiliingia karibu na usukani. Niliipigilia kwa kisigino cha patasi, kwa sababu nyundo ya Byaombe niliyozibia nilikuwa nimeiacha nyumbani kwake. Na lazima niseme kweli: ililia ko. Kitambaa kizuri kinazibika vizuri. Baadaye ikaingia kaptura niliyokuwa nimevaa, na shati, na mashati ya wapiga kasia. Kanzu ya Ramazani ilifika Ujiji kavu, imenyooka, na kola yake. Nalisema hili ili lijulikane. Yeye alisema nahodha hawezi kushuka uchi mbele ya askari wa forodha. Fundi, inaonekana, anaweza.

Kulikuwa na gunia moja tupu la unga wa muhogo tuliokuwa tumekwisha kuula njiani. Nililitoboa matundu matatu. Ndivyo nilivyoingia ng'ambo.

Askari aliyekuja kukagua alitazama karatasi, akatazama mitungi, akafika kwangu.

"Huyu ni nani?"

Swali lile lile nililokuwa nimelitamani, wadogo zangu, neno kwa neno.

"Huyu," akasema Ramazani, "ni fundi yetu."

Askari alikwenda kucheka nyuma ya kibanda chake, nadhani kwa heshima.

Mtaniuliza Ujiji ikoje. Miaka mingi niliwajibu watu: treni ndefu namna hii, Wahindi, maghorofa. Nilikuwa nawadanganya. Kwa gunia huwezi kutembea mji. Nilichokiona Ujiji ni tumbo la mashua yetu iliyopinduliwa mchangani, mbuzi mmoja mweupe aliyekuwa anakuja kula miche yangu, na miguu ya Bibi Mwanaidi.

Bibi Mwanaidi alikuwa na kibanda cha makuti pale pwani, akisokota nyuzi za nyavu na kamba za kuzibia. Mjane, mwembamba, mwenye macho ya kuku. Nilimwendea kumwomba pamba safi. Alikuwa amekwisha kuja kuitazama mashua.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mkulima?"

"Mimi ni fundi, Bibi."

"Nimeuona ufundi. Keti."

Akaniwekea kikapu magotini. Pamba na mbegu zake. Nikamwambia nina nyundo ya kuazima, ningependa kuanza kugonga. Akasema nianze na kikapu. Nikatazama kulia na kushoto kama kuna mtu wa Baraka anayepita, kisha nikakumbuka kwamba hilo ndilo nililolifuata: hakuna anayenijua. Nikaketi. Siku tatu niliketi katika gunia langu, na wanawake wanne wengine, tunachambua. Siku ya kwanza walinicheka. Siku ya pili wakanisahau, wakaanza kusema watu, na miye nikajua mambo ya ndoa za Ujiji ambayo hata kadhi alikuwa hayajui.

Alichonifundisha yule bibi nawapa bure. Mbegu nzima si adui, unaiona. Adui ni nusu mbegu, ile iliyovunjwa kwa fimbo ya mtu mwenye haraka, inajificha ndani ya moyo wa pamba. Usiitafute kwa macho. Tandaza pamba kati ya gumba na kidole cha pili, uvute polepole, uangalie kwingine kabisa. Gumba litakwambia. Na ukimaliza kikapu, anza tena kutoka chini.

Siku ya tatu aliniuliza, "Kwenu kazi hii hufanya nani?"

"Bamama."

"Mamako yu hai?"

"Yuko."

"Aliiona ile pamba?"

Nikamweleza. Siku moja aliyoniomba, na jibu nililompa. Hakuacha kusokota.

"Kwa hiyo," akasema, "umevuka ziwa lote hili, uvuliwe nguo, uje ufundishwe na mimi jambo la mlangoni kwenu."

Wale wanawake wanne walinyamaza. Hilo ndilo lililoniuma, maana walikuwa hawanyamazi kamwe.

Yeye alisokota kamba, miye nikagonga. Alinipa kikoi cha marehemu mume wake nirudi nacho. Tukarudi siku mbili, na sikuchota hata kopo moja.

Pwani ya Baraka watu walikuwa wengi. Byaombe alikuwa amerudi kutoka Kilembwe, amesimama mbele na nyundo kwapani. Mama alikuwa nyuma kidogo. Alimasi kapita naye alikuwepo, na daftari lake.

Byaombe alipanda. Akapapasa sakafu, akapapasa kikoi changu nyuma, kama anavyopapasa mbuzi wa kununua. "Makavu," akasema, na watu wakapiga makofi. Akapitisha gumba kwenye ufa. Akarudia.

"Kamba hii haukusokota weye."

"Hapana, Mzee."

Akainama chini ya ubao wa kukalia nahodha, pembeni kabisa, mahali ambapo mkono wangu ulikuwa haukufika. Akatoka na mche wa pamba. Majani manne sasa, mizizi na yote, umenawiri kwa maji ya ziwa. Ukiacha kikoi, ndicho kitu pekee nilichorudisha kutoka ng'ambo, na kilikuwa kimetoka Baraka.

"Hii nini?"

Ramazani akatazama tasbihi yake. Wapiga kasia wakatazama maji. Mungu awape mema, hawakunichongea. Ningeweza kusema mbegu ilianguka kutoka mfuko wa mtu. Byaombe alikuwa anataka kuamini, niliiona ile nyundo inavyoteremka polepole kutoka kwapani.

"Ni pamba, Mzee. Sikuchambua. Ilitufungukia katikati ya ziwa."

Akaipandisha nyundo ikarudi kwapani. Akashuka, akaenda mpaka kwa mama, akampa ule mche kwa mikono miwili.

"Mama Asukulu, mutoto yako amekuletea zawadi ya ng'ambo."

Kicheko cha watu kiliponipata, nilitamani ziwa. Na Alimasi, yule aliyeniuzia uchafu akauita hostia, alifungua daftari lake pale pale akaniandikia shamba. Alimasi yuko hai mpaka leo. Byaombe vita ya baada ya uhuru ilimchukua, mashua ilichomwa, Ramazani alikimbilia kule kule Ujiji na kanzu yake, lakini Alimasi yuko, ananisalimia kila Jumapili, "Mupanda-majini, habari?" Nenda ukatafute haki hapo.

Msimu ule mzima nililima. Asubuhi jembe, jioni mlangoni kwa mama, kikapu magotini. Watu walikuwa wanapita kwa makusudi. "Fundi, tuambie, ng'ambo iko namna gani?" Miye natandaza pamba, navuta, naangalia kwingine. Mama hakunikumbusha ile siku moja. Alikuwa ananisogezea pamba tu ikipungua.

Msimu ulipokuwa unaisha, Byaombe akaja bila hodi. Akachukua konzi ya pamba kutoka juu ya kikapu changu, akapitisha gumba. Akaingiza mkono mpaka chini, akatoa konzi nyingine, akapitisha gumba, polepole, akitazama ziwani. Kisha akaitoa nyundo kwapani, akailaza ndani ya pamba, kama mtu anayeweka yai, akaondoka.

Nikaruka kusimama nimkimbilie.

"Kaa chini," mama akasema. "Kikapu hakijaisha."